Uji Huu Unalipwa: Mwongozo wa Fedha za Chakula kwa Anayelea Watoto Nyumbani Marekani

Kama unalea watoto wa watu nyumbani kwako, iwe Lexington, Phoenix, Buffalo au Boise, unajua pesa yako inaishia wapi: jikoni. Mzazi anamleta mtoto alfajiri akiwa na mfuko wa nepi, basi. Mtoto huyo atakunywa uji kwako, atakula wali, saa tisa ataomba ndizi, na wewe hutamdai mama yake chochote, maana kwetu mtoto hahesabiwi matonge. Ni ustaarabu mzuri. Ila serikali ya Marekani inarudisha fedha za matonge hayohayo kupitia mpango ulioanza mwaka 1968, na nimekaa na walezi wenzangu wanaolea mwaka wa nne sasa bila kuzigusa.

Mpango huo unajulikana kwa herufi CACFP, na uko chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA. Kila mwezi unamrudishia mlezi sehemu ya gharama za milo aliyowapa watoto. Si mkopo. Huulizwi ulinunua wapi wala kwa bei gani; unalipwa kwa idadi ya milo.

Kabla hatujaingia kwenye hatua, shika jambo moja. Mpango huu unalipa mlo ulioandikwa. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa naandika menyu kwa kalamu kwenye ubao wa friji, nikisubiri Ijumaa nihamishie kwenye fomu. Alhamisi jioni mwanangu akaufuta ubao ili achore gari. Nilipika kweli, watoto walikula kweli, na kwa siku zile nne sikupata hata senti. Mengine yote utakayosoma hapa yanazunguka kisa hicho.

Ni pesa kiasi gani?

> Bei za Julai 2024 hadi Juni 2025, kwa mtoto mmoja, kwa mlo mmoja
> (majimbo 48 ya bara; Alaska na Hawaii hulipwa zaidi)
>
> Daraja la kwanza
> – Kifungua kinywa: dola 1.66
> – Chakula cha mchana au cha jioni: dola 3.15
> – Kitafunio: senti 93
>
> Daraja la pili
> – Kifungua kinywa: senti 60
> – Chakula cha mchana au cha jioni: dola 1.90
> – Kitafunio: senti 26
>
> Bei hubadilishwa kila Julai 1. Omba karatasi ya bei za mwaka ulio nao.

Chukua watoto watano, siku 20 za mwezi, kila mmoja akila kifungua kinywa, mchana na kitafunio. Kwa bei hizo, mlezi wa daraja la kwanza anapata dola 574 kwa mwezi. Wa daraja la pili, kwa watoto walewale na sufuria ileile, anapata dola 276. Ndiyo maana nitakusumbua kuhusu madaraja hapo chini.

Kuna kikomo. Kwa siku moja, kila mtoto analipiwa milo mikubwa miwili na kitafunio kimoja, au mlo mkubwa mmoja na vitafunio viwili. Ukimlisha mara tano, mara mbili ni sadaka yako. Basi chagua kwa hesabu. Wazazi wetu wengi wako zamu za mchana na usiku, na mtoto anaweza kula kwako asubuhi, mchana na jioni. Hapo dai mchana na jioni, uache kifungua kinywa, kwa sababu mlo wa jioni unalipa karibu mara mbili ya uji.

Madaraja: hapa ndipo watu wanapoteza nusu ya fedha

Hadi mwaka 1997 nyumba zote zililipwa bei moja. Sheria ya 1996 ikazigawa mara mbili ili fedha nyingi ziende kwa wenye kipato kidogo. Unaingia daraja la kwanza kwa mojawapo ya njia hizi:

1. Kwa mtaa unaokaa. Kama nusu au zaidi ya wanafunzi wa shule ya eneo lako wanastahili chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa, au takwimu za sensa zinaonyesha mtaa wenu ni wa kipato kidogo, nyumba yako ni daraja la kwanza. Idhini hii hudumu miaka 5.
2. Kwa kipato cha nyumba yako. Kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini cha taifa. Kwa mwaka ulioanza Julai 2024, hiyo ilikuwa dola 57,720 kwa familia ya watu wanne, na dola 77,626 kwa familia ya watu sita. Idhini hii ni ya mwaka mmoja. Kama nyumba yako inapata SNAP, ile kadi ya chakula, hiyo inatosha kuwa ushahidi.

Anza kuulizia mtaa. Anwani yako inaangaliwa kwenye kompyuta, na huonyeshi hati yoyote ya mshahara.

Ukitumia njia ya kipato, jihadhari na kosa moja: kuandika pesa yote wanayokulipa wazazi. Biashara yako inahesabiwa kwa kinachobaki baada ya kutoa matumizi. Nimeona mlezi akijitoa mwenyewe daraja la kwanza kwa kuandika mapato ghafi, na hakuna aliyemrudisha nyuma kumuuliza.

Ukiangukia daraja la pili, bado hujafungiwa. Mtoto mmoja mmoja ambaye familia yake ina kipato kidogo anaweza kulipiwa bei ya daraja la kwanza. Wazazi wanajaza fomu ya kipato na kuituma moja kwa moja kwa shirika linalokusimamia. Wewe huoni mishahara yao. Waambie hivyo waziwazi, maana wengi wanakataa kwa aibu ya kufunuliwa mbele ya mtu wanayekutana naye kanisani au msikitini.

Na watoto wako mwenyewe? Unaweza kuwadai, kwa masharti mawili pamoja: kipato cha nyumba yako kiwe ndani ya kiwango kile, na katika mlo huohuo awepo mezani angalau mtoto mmoja wa nje aliyeandikishwa. Siku wa nje hayupo, wako wanakula kwa mfuko wako. Kuwa daraja la kwanza kwa sababu ya mtaa peke yake hakukupi ruhusa hii. Fomu ya kipato lazima ijazwe.

Hatua za kujiunga

1. Pata leseni au usajili wa jimbo lako. Kila jimbo lina sheria zake kuhusu idadi ya watoto unaoanza nao kuhitaji leseni. Leseni inataja pia idadi ya juu ya watoto. Anayezidi idadi hiyo halipiwi chakula, na anakuletea maswali. Mpango unachukua watoto hadi miaka 12, na watoto wa wafanyakazi wa mashambani wanaohamahama hadi miaka 15.

2. Tafuta shirika simamizi, yaani sponsa. Mlezi wa nyumbani haruhusiwi kuomba fedha hizi moja kwa moja serikalini. Orodha ya masponsa iko kwenye ofisi ya jimbo, na ofisi hiyo si ileile kila mahali: Texas ni Idara ya Kilimo, New York ni Idara ya Afya, Arizona na Kentucky ni Idara ya Elimu. Piga simu uombe orodha ya wanaofika kaunti yako. Useme pia unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukusaidia kwa lugha, kwa hiyo hilo si ombi la upendeleo.

3. Hoji masponsa wawili kabla ya kusaini. Wanatumia karatasi au programu ya simu? Fomu zao zinatakiwa tarehe ngapi? Malipo hufika lini? Nani atakuja nyumbani, na kuna wa kutafsiri? Chagua vizuri, kwa sababu kubadilisha sponsa kunaruhusiwa kwa kawaida mara moja tu kwa mwaka.

4. Pokea ziara ya kwanza. Afisa wa sponsa anakuja kabla hujaidhinishwa, kuona jiko, mahali watoto wanapokula, na kukueleza masharti.

5. Saini mkataba ukiuelewa. Usikubali kutafsiriwa na mwanao wa darasa la sita. Atasoma vizuri na kuruka asichokielewa.

6. Andikisha kila mtoto. Fomu ina saini ya mzazi, siku na saa ambazo mtoto huwa kwako, na milo anayokula. Inafanywa upya kila mwaka. Ikipitwa na wakati, milo ya mtoto huyo haina mahali pa kusimama.

7. Hudhuria mafunzo. Ya mwanzo, kisha ya kila mwaka.

> Onyo kuhusu ada
>
> Kujiunga ni bure. Sponsa analipwa na serikali kwa fungu jingine la uendeshaji. Anatakiwa kukupa fedha yako yote ya chakula ndani ya siku 5 za kazi tangu aipokee, bila kumega kitu, isipokuwa gharama ya chakula alicholeta yeye na wewe ukakubali kwa maandishi. Mtu akija kukuambia "nipe dola mia nikuunganishe", mwonyeshe mlango.
>
> Na wewe vilevile: ukishajiunga huruhusiwi kumtoza mzazi bili ya pembeni ya chakula.

Sahani inayohesabiwa

Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mwili unaojengwa kwa kasi. Akijaza tumbo hilo wali mtupu, ameshiba lakini hajapata chuma, protini wala vitamini. Ndiyo sababu mpango unataka makundi mbalimbali kwenye kila mlo, na kundi likikosekana mlo mzima unakuwa sifuri. Hakuna nusu malipo.

- Kifungua kinywa, vitu vitatu: maziwa, tunda au mboga, nafaka. Nyama, yai au mbadala wake vinaweza kuchukua nafasi ya nafaka hadi mara tatu kwa wiki.
- Mchana na jioni, vitu vitano: maziwa, nyama au mbadala wake, mboga, tunda, nafaka. Mboga ya pili inaweza kushika nafasi ya tunda.
- Kitafunio: vitu viwili kati ya hivyo vitano, ila visiwe vinywaji vyote viwili.

Vipimo vya chini vya chakula cha mchana, ukitumia kikombe cha kupimia cha Kimarekani (cha dukani, chenye mistari, kikombe chako cha chai hakina kipimo):

| | Miaka 1–2 | Miaka 3–5 | Miaka 6–12 |
|---|---|---|---|
| Maziwa | ½ kikombe | ¾ kikombe | kikombe 1 |
| Nyama, kuku, samaki | aunsi 1 | aunsi 1½ | aunsi 2 |
| Mboga | ⅛ kikombe | ¼ kikombe | ½ kikombe |
| Tunda | ⅛ kikombe | ¼ kikombe | ¼ kikombe |
| Wali uliopikwa | ¼ kikombe | ¼ kikombe | ½ kikombe |

Tazama mstari wa wali. Robo kikombe! Sahani yetu ni mlima wa wali na mboga pembeni kama pambo. Hapa wali ndio unakaa pembeni. Hivi ni vipimo vya chini, na mtoto akitaka kuongezwa, muongeze.

Maziwa yana masharti yake. Mwenye mwaka 1 hadi kabla ya miaka 2 anapewa maziwa kamili. Kuanzia miaka 2 hadi 5 ni ya asilimia 1 au yasiyo na mafuta, bila ladha wala sukari. Kwa watu wetu kosa linalojirudia ni hili: maziwa uliyopikia uji au chai hayahesabiwi. Lazima mtoto awe na maziwa ya kunywa kwenye bilauri. Mtindi ni habari nyingine. Unahesabiwa upande wa mbadala wa nyama, nao uwe wa dukani. Mtindi uliogandisha mwenyewe kwenye kibuyu ule na familia yako, nao ni mtamu zaidi, lakini usiuandike.

Kila siku, angalau nafaka moja kati ya unazotoa iwe isiyokobolewa. Juisi iwe ya matunda kwa asilimia 100, nayo isizidi mara moja kwa siku. Maji ya kunywa yapatikane siku nzima.

Chakula chetu kwenye fomu yao

Usidanganyike kwamba ili ulipwe lazima upike makaroni na jibini. Jiko letu linaingia vizuri, ukijua mlango wa kila chakula.

- Ugali wa mahindi: unahesabiwa kama unga ni dona au umerutubishwa. Kwenye pakiti tafuta neno "whole" au "enriched" katika kiungo cha kwanza. Sembe ya kawaida iliyokobolewa bila kurutubishwa haihesabiwi.
- Wali: sheria ni ileile, na hapa watu wengi wananaswa. Mchele mweupe unaofungashwa Marekani kwa kawaida umerutubishwa, lakini magunia ya basmati kutoka nje mara nyingi hayakurutubishwa. Soma gunia. Na ukishapata uliorutubishwa usiuoshe mara tatu kama tulivyofundishwa na mama zetu. Vitamini zilizopakwa juu zinaondoka na maji.
- Uji wa ulezi: unga wa ulezi mzima ni nafaka isiyokobolewa, na unakutimizia sharti la siku kabla ya saa tatu asubuhi.
- Chapati: inahesabiwa ukitumia atta nzima au unga uliorutubishwa, ukapika kwenye kikaango kwa mafuta kidogo.
- Maharage, kunde, dengu, choroko: ni mbadala wa nyama au ni mboga, chagua upande mmoja kwa mlo. Kijiko kilekile hakiwezi kushika nafasi mbili. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, kama mbadala wa nyama, ni vijiko vikubwa sita vya kupimia.
- Mchicha, sukuma wiki, kabichi, bamia: mboga. Majani mabichi, kama ya saladi, huhesabiwa nusu ya ujazo wake.
- Muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika: hizi ni mboga, ingawa sisi tunazila kama chakula chenyewe. Fufu ya muhogo haijazi nafasi ya nafaka. Weka nafaka nyingine.
- Nyama ya mbuzi: karibu, kama imetoka bucha lenye ukaguzi. Mbuzi mliyemchinja wenyewe shambani kwa rafiki hawezi kuingia kwenye madai, hata kama amechinjwa kwa usafi kuliko kiwanda.
- Mandazi: nayalilia, lakini hapana. Yanawekwa kundi moja na donati na keki, na juu ya hapo chakula ulichokizamisha kwenye mafuta mengi nyumbani hakilipwi. Sambusa zinapona ukizioka kwenye oveni.
- Pilau, makande, mchuzi uliochanganywa: vinahesabiwa ukiweza kuonyesha kila mtoto kapata nyama na mboga kiasi gani. Andika kipimo chako mara moja, ukiweke kwenye faili.

Weka pakiti tupu za unga, mchele na nafaka za asubuhi kwenye droo moja, au uzipige picha. Afisa akiuliza, jibu liko kwenye pakiti. Chakula ambacho hukijui kimewekwa kundi gani, mpigie sponsa kabla ya kukipika.

Siku moja inayokubalika, kwa mfano: asubuhi uji wa ulezi, ndizi mbivu, maziwa kwenye bilauri. Mchana wali uliorutubishwa, maharage, mchicha, vipande vya chungwa, maziwa. Saa tisa, chapati ya atta na yai la kuchemsha, maji ya kunywa.

Kula kwenye sinia moja ni malezi mema, lakini afisa haoni nani kapata nini. Mpango unaruhusu watoto wajipakulie mezani, mradi mabakuli yote yawe na kiasi kinachowatosha wote, maziwa yakiwemo. Mabakuli katikati, sahani mbele ya kila mtoto, kwisha.

Watoto wachanga. Chini ya mwaka mmoja wana utaratibu wao. Hadi miezi 5 ni maziwa ya mama au ya kopo yenye chuma, aunsi 4 hadi 6 kwa mlo. Mama akileta maziwa aliyokamua, au akija kunyonyesha kwako, mlo huo unalipwa. Wewe unatakiwa uwe na aina moja ya maziwa ya kopo ya kumpa mzazi anayeyataka. Kuanzia karibu miezi 6, vyakula laini vinaongezwa kadiri mtoto anavyokuwa tayari, na hilo mnakubaliana na mzazi. Asali, hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Mzio na imani. Nguruwe hailazimishwi popote. Kuku wa halali ni nyama kama nyama nyingine. Mtoto ambaye afya yake inamzuia kundi fulani la chakula anahitaji barua ya daktari au mtaalamu mwingine mwenye leseni anayetambuliwa na jimbo. Ipate kabla ya kubadilisha sahani.

Daftari

Sasa tumerudi kwenye ubao wa friji. Kila siku unaandika mambo matatu: nani alikuja, alikula milo ipi, na milo hiyo ilikuwa na nini. Siku ileile, kabla hujalala. Kumbukumbu zote unazitunza miaka 3.

Mitego miwili ni yetu sisi tunaotoka kwenye Kiswahili. Wa kwanza ni saa. Mtoto akifika saa moja asubuhi, mkono wako unataka kuandika 1:00. Kwao hiyo ni saa saba mchana, na fomu yako itasema mtoto alikunywa uji saa sita kabla hajafika. Andika 7:00 na herufi AM. Wa pili ni tarehe: Marekani mwezi unatangulia siku. Ukiandika 5/3 ukimaanisha tarehe tano Machi, wao wanasoma Mei 3.

> Kabla ya kutuma madai ya mwezi
>
> ☐ Kila mtoto ninayemdai ana fomu ya mwaka huu yenye saini
> ☐ Siku mtoto hakuja, milo yake haimo
> ☐ Sikupitisha milo mitatu kwa mtoto kwa siku, wala milo mikubwa miwili
> ☐ Idadi ya watoto haikuzidi leseni yangu
> ☐ Wanangu nimewadai tu siku ambazo mtoto wa nje alikuwepo mezani
> ☐ Kila mchana una vitu vitano
> ☐ Saa na tarehe ziko kwa mtindo wa Kimarekani
> ☐ Nimebaki na nakala

Kila sponsa ana siku yake ya mwisho ya kupokea fomu, mara nyingi mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Iandike ukutani.

Mgeni asiyebisha hodi mapema

Afisa wa sponsa atakuja angalau mara 3 kwa mwaka, na ziara mbili kati ya hizo hazitangazwi. Anakuja saa za kulea, akiwa na kitambulisho. Mwombe akuonyeshe, kisha mfungulie. Atahesabu watoto, atalinganisha na daftari, huenda akakaa mlo mzima. Najua wengi wetu tulikotoka, mtu mwenye karatasi mlangoni hakuwa habari njema. Huyu kaja kuangalia wali.

Ukifunga siku fulani, au ukiwapeleka watoto bustanini wakati wa chakula, mjulishe sponsa mapema. Afisa akikuta mlango umefungwa halafu wewe ukadai mlo wa saa ileile, hutalipwa mlo huo, na ziara zitaongezeka.

Sponsa anaweza pia kuwapigia wazazi kuthibitisha kwamba watoto huja kwako. Wazazi wetu hawapokei namba wasiyoijua. Wape namba ya sponsa waihifadhi, na uwaambie wajibu ukweli tu.

Makosa yanayomtoa mtu kwenye mpango

Kubwa ni kujaza fomu mapema: Jumatatu unaandika wiki nzima kwa sababu "watoto ni walewale". Jumatano mmoja anaugua, afisa anagonga, na karatasi inasema amekula mchana saa nne asubuhi. Hukukusudia kuiba, lakini kwenye karatasi haionekani tofauti na wizi. Makosa mazito yasiporekebishwa yanaleta kuondolewa, kurudisha fedha, na jina kuingia kwenye orodha ya kitaifa ya waliozuiwa, ambako linaweza kukaa miaka 7.

Barua ikija yenye maneno mazito, usiiweke droo kwa sababu ni ya Kiingereza. Ina muda wa kujibu. Una haki ya kurekebisha na haki ya kukata rufaa, na zote mbili zinakufa tarehe iliyoandikwa pale ikipita.

Kodi, kwa ufupi

Fedha hizi ni mapato ya biashara na zinatajwa kwenye kodi, isipokuwa ulizolipwa kwa ajili ya watoto wako mwenyewe. Upande wa pili, gharama ya chakula cha watoto wa nje unaitoa kama matumizi. Mamlaka ya kodi, IRS, inakuruhusu kutumia kiwango maalumu kwa kila mlo badala ya kutunza risiti za kila nyanya, na milo isiyolipwa na mpango, kama kitafunio cha pili na cha tatu, inaweza kuhesabiwa humo. Kwa hiyo andika hata milo usiyoidai. Anayekujazia kodi muulize kama anakijua kiwango hicho cha walezi wa nyumbani. Akikutazama tu, tafuta mwingine.

Miezi ambayo watoto wamekula kwako kabla hujajiunga hailipwi tena. Simu ya kuomba orodha ya masponsa ni ya dakika kumi, ukimhesabu na mkalimani. Ipige kesho watoto wakilala mchana.